Mchungaji, je, kutoridhika kwangu ni dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kayole. Mzee wangu alipunguzwa kazi mwaka jana katika kiwanda kimoja cha Industrial Area baada ya miaka 11. Walisema kazi imepungua, wakampa mshahara wa mwezi ule tu. Sasa anatafuta vibarua, nami nauza mboga. Kodi imelala miezi miwili. Mhubiri mmoja alituambia tupande mbegu, yaani tutoe sadaka ya shilingi 5,000, ili Mungu afungue mlango. Nikaikopa kwa simu. Mlango haujafunguka na deni linazidi kuzaa. Nikisema kwenye ushirika kwamba nimechoka, naambiwa nishukuru kwa kila jambo, kwamba hata Paulo aliridhika akiwa gerezani. Mzee alitaka kwenda ofisi ya leba, akaambiwa na wazee wa kanisa amwachie Mungu. Kinachonitesa zaidi ni wivu. Jirani yangu, ambaye tunaimba naye kwaya, mume wake amepandishwa cheo na Jumamosi wanafanya ibada ya shukrani nyumbani kwao. Sitaki kwenda. Je, mimi ni mwenye dhambi? Na huko kuridhika kunapatikana wapi?

JIBU: Amina, mama. Asifiwe sana.

Nianze na jibu lenyewe, maana umelingoja vya kutosha. Kuchoka kwako si dhambi. Kutaka mume wako alipwe jasho la miaka 11 si dhambi pia, wala si upungufu wa imani. Wivu nitauzungumzia mwishoni kwa sababu unahitaji nafasi yake. Lakini kuridhika kupo. Nimeona kuridhika huko katika nyumba za mabati na katika wodi za hospitali, kwa watu ambao hawakuwa wakiigiza, na natamani sana kukufikie na wewe. Ninachokataa ni namna unavyoletewa, kama amri ya kufunga mdomo.

Tumfuate Paulo kwanza, kwa kuwa ndiye unayetajiwa kila mara. Barua kwa Wafilipi aliiandika akiwa kifungoni, hilo ni kweli. Kanisa la Filipi lilikuwa limemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na katika sura ya 4 anawashukuru. Hapo ndipo anaposema, "nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo," kisha anaeleza kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Anayesema amejifunza jambo anakubali kwamba kuna wakati hakulijua. Na darasa lake tunalijua, kwa maana aliliorodhesha mwenyewe katika 2 Wakorintho 11: mara 5 alipigwa viboko 39, mara 3 akapigwa kwa bakora, mara moja kwa mawe, mara 3 akavunjikiwa jahazi. Mwanzoni mwa barua hiyohiyo anakiri kwamba kule Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hayo ni maneno ya mtume, na aliyaandika ili kanisa zima lisomewe.

Rudi sasa Wafilipi, sura ya 2. Huyo Epafrodito aliugua karibu kufa. Paulo anasema kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa, na akamhurumia yeye Paulo pia, asipate "huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo mtu huyu anayesema ameridhika alikuwa na huzuni tayari, na aliogopa nyingine isimwongezekee. Vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja, vikaandikwa katika barua moja. Lishike hilo, mama. Ukingoja huzuni iondoke yote ndipo uanze kuridhika, utangoja kitu ambacho Paulo mwenyewe hakukipata.

Katika sura ya 4, baada ya maneno ya kushiba na kuona njaa, mstari unaofuata ndio ule unaobandikwa kwenye matatu na kuchorwa kwenye kuta za shule hapa Nairobi: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Tumeuzoea kama mstari wa kupasi mtihani na kupata kazi. Paulo aliuandika akizungumzia njaa. Katika hayo mambo yote anayoyaweza, limo la kulala bila chakula asimwache Kristo, na la kula akashiba asimsahau.

Sasa nataka uangalie jambo ambalo naona limepindishwa sana, na ambalo limekuumiza wewe na mzee wako. Maandiko yanapoagiza watu waridhike, yanawaagiza akina nani? Katika Luka 3 askari wanamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye anawaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mshahara wao. Hao ni watu wenye silaha, waliozoea kuwakamua raia. Katika 1 Timotheo 6 tunasoma kwamba "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa", lakini mstari ulio juu yake tu unawakemea watu wanaodhani kwamba utauwa ni njia ya kupata faida, na mistari inayofuata inawaonya wanaotaka kuwa na mali. Waebrania 13:5 inaanza kwa kukataza kupenda fedha. Maneno haya, kwa sehemu kubwa, yaliwekwa njiani kumzuia mwenye tamaa. Siku hizi mahali pengi yanachukuliwa na kuwekwa shingoni mwa mama anayeuza sukuma ili asilalamike, huku yule aliyekalia mshahara wa watu hasomewi hata mstari mmoja. Hilo linanisikitisha kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Yeye Yakobo, anapofika kwa mfanyakazi, haongei juu ya kuridhika hata kidogo. Katika sura ya 5 anasema ujira wa wakulima uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mbinguni, mama, suala la mzee wako halijafungwa.

Na Paulo je? Soma Matendo 16. Ni mji uleule wa Filipi. Yeye na Sila wanapigwa hadharani bila kuhukumiwa, wanatiwa gerezani, miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wanaimba. Sehemu hiyo huhubiriwa sana. Lakini asubuhi mahakimu wanatuma watu waseme hao wawili waachiliwe, na Paulo anakataa kutoka. Anasema wamepigwa mbele ya watu wote bila hukumu, nao ni Warumi, kisha wanataka kutolewa kwa siri? "Waje wenyewe wakatutoe." Na mahakimu wakaja. Mtu aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake mchana. Kanisa la Filipi lilijua habari hiyo vizuri, kwa sababu mlinzi wa gereza lile alibatizwa usiku uleule, yeye na nyumba yake. Walipokuja kusoma baadaye kwamba Paulo ameridhika na hali yoyote, hawakuelewa kwamba anawafundisha kunyamaza wakidhulumiwa.

Kwa hiyo mwambie mzee aende ofisi ya leba, na aende wiki hii. Warumi 12 inatuambia tumwachie Mungu kisasi. Mshahara na marupurupu ya mtu hayamo katika kisasi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja au malipo badala yake, alipwe siku za likizo ambazo hakuzitumia, na alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kwa miaka 11 hizo ni siku 165. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyepunguzwa kama unavyoeleza. Wakidai kwamba alifukuzwa kwa kosa, mambo yanakuwa mengine, lakini hata hapo wanatakiwa kuonyesha kwamba alisikilizwa kwanza. Abebe barua ya kuajiriwa kama anayo, payslip, taarifa za benki au za M-Pesa zinazoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya kumsimamisha. Asikae sana, maana madai ya namna hii yana kikomo cha miaka 3. Anaweza kwenda akiwa ameomba, na akarudi bado akiwa na amani. Akikosa kulipwa, Mungu hatakuwa amepungua. Akilipwa, mle.

Kuhusu mbegu ya 5,000 nitasema kwa kifupi. Mungu hakukutuma ukakope ili umpe. Paulo akichangisha fedha kwa ajili ya maskini aliandika kwamba, kama nia ipo, toleo hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Huna deni lolote mbinguni kwa sababu ya mlango ambao haukufunguka, na usirudi kupanda nyingine. Deni la simu lipo, nalo ulilipe polepole; wapigie, waombe likatwe vipande unavyoweza, uache kukopa hapa ili ulipe pale. Wakitisha kuwapigia jamaa na marafiki zako, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 haziwaruhusu. Mwenye nyumba naye mwendeeni nyote wawili kabla hajawajia, mkiwa na chochote mkononi.

Sasa tufike kwenye swali lako lenyewe: kunapatikana wapi?

Waebrania wanapoambiwa wawe radhi na vitu walivyo navyo, wanapewa sababu, na sababu hiyo haiko katika vile vitu. Wanaambiwa, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Ndiyo yote. Kuridhika kwa Mkristo kumesimama juu ya Mtu ambaye hajaondoka. Nasema hivi kwa sababu kuna ushauri mwingine unaosikika sana: shukuru, kuna wenye shida kuliko wewe. Aprili 2024 mafuriko yalipobomoa nyumba za watu Mathare na Mukuru, nilisikia Wakristo wakisema tuwatazame wale tushukuru. Mimi siwezi kufundisha hivyo. Mama aliyepoteza nyumba yake hakupewa msiba ili mimi nijisikie nafuu. Na amani ya namna hiyo haidumu, kwa kuwa kesho utakutana na aliyekuzidi na itayeyuka.

Lakini kujua kwamba Mungu hajaondoka, na kulijua hilo mpaka moyo utulie, si jambo la siku moja. Linaanzia mahali ambapo kwenye ushirika wenu pamefungwa, yaani kulia mbele zake. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara 4 katika mistari 2: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nihuzunike moyoni mchana kutwa, hata lini adui yangu atukuke juu yangu. Huyu anayeuliza hivyo ni mtu wa imani, na maneno yake tumepewa kama maombi. Zaburi ya 88 haifiki hata kwenye sifa. Inaishia gizani, na Mungu akairuhusu ikae ndani ya Biblia. Ibada zetu nyingi hapa mjini zina sifa, zina kuabudu, zina ushuhuda, na anayeitwa kutoa ushuhuda ni yule ambaye mambo yake yamekwisha kunyooka. Aliye katikati ya shida hapewi kipaza sauti. Basi akina mama kama wewe wanadhani Mungu naye yuko hivyo. Hayuko hivyo. Usiku watoto wakilala, fungua Zaburi ya 13 uisome kwa sauti yako, na pale penye "adui" taja kinachokukaba: kodi, deni, simu isiyolia ya kazi. Usikimbilie mistari ya mwisho. Ukifika siku unaweza kuisema, "nimezitumainia fadhili zako", useme. Siku usiyoweza, iachie hapo, ulale.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu shukrani. 1 Wathesalonike 5:18 inasema shukuruni kwa kila jambo, na ni kweli, nami nashukuru kila siku. Lakini mtu ambaye hajaruhusiwa kulia hushukuru kwa midomo tu, na moyo wake hubaki nyuma ukiwa na uchungu ambao haujaambiwa mtu. Mungu anautaka moyo huo pamoja na uchungu wake.

Jambo la pili, mama, ni kipimo cha siku moja. Wewe ni mfanyabiashara mdogo, unaijua kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari ya shilingi chache, unga wa leo. Wengi wanaionea aibu. Lakini Waisraeli jangwani walilishwa hivyohivyo. Kutoka 16 inasema waliookota mana nyingi hawakuzidishiwa, waliookota kidogo hawakupungukiwa, na waliojaribu kuiweka hadi asubuhi ilioza. Yesu akatufundisha kuomba riziki ya leo, na akasema yatosha kwa siku maovu yake. Mwenye ghala hulisema ombi hilo kwa mazoea. Wewe unaposema "utupe leo", unasema kitu unachokihitaji kabla ya jua kutua. Jioni, kabla ya kulala, msimulie Mungu siku ile peke yake: kilichouma, na kilichopatikana. Mteja aliyelipa deni lake. Mtoto aliyepona kikohozi. Mambo ya mwezi ujao yaache kwa mwezi ujao kadiri unavyoweza, na yakija usiku yakukoseshe usingizi, yarudishe kwenye Zaburi.

Usijifunze haya peke yako. Baada tu ya kusema ameridhika, Paulo anaendelea, "lakini mlifanya vema, kuishiriki dhiki yangu." Alipokea msaada bila kuona kwamba imani yake imeshushwa. Ushirika mzima pengine hauwezi kubeba habari zako, lakini wamo akina mama wawili wanaoweza. Unawajua, ni wale wasiokukatiza ukiongea. Waambie ukweli wote, hata wa kodi. Chama chako kama kina akiba ya dharura, omba. Umewachangia wengine harambee miaka yote hiyo.

Na mwili wako usiusahau. Eliya alipokimbilia jangwani akaomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimlaza, akamwamsha kwa mkate na maji, akamlaza tena, na mazungumzo yakaja siku nyingi baadaye. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, hata watoto huoni raha ukiwatazama, nenda zahanati ukawaambie hivyo kama ungewaambia una homa. Likikujia wazo la kutotaka kuishi, usilifiche hata saa moja. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, na umwambie mzee. Paulo alikata tamaa ya kuishi na akasema. Sema.

Sasa wivu. Zaburi ya 73 ni ya Asafu, kiongozi wa waimbaji, mwanakwaya kama wewe. Anakiri kwamba aliona wivu hata miguu yake ikawa karibu kuteleza. Tofauti yenu ni kwamba yeye aliwaonea wivu waovu, na jirani yako hana kosa. Asafu aliupeleka wivu wake patakatifu pa Mungu, akautaja kwa jina lake, na mwisho wa zaburi anasema mwili wake na moyo wake hupunguka, bali Mungu ni sehemu yake milele. Mstari huo ndio kuridhika kwenyewe, na umeandikwa na mtu aliyekuwa na wivu. Kuumwa moyo ukiona mwingine amepata ulichonyimwa ni jeraha. Linageuka dhambi ukianza kumtakia aanguke, au kumsengenya ili ushuke uzito. Hujafika huko, maana ungekuwa umefika usingeniandikia.

Warumi 12:15 ina pande mbili: tufurahi na wanaofurahi, tulie na wanaolia. Jirani yako anakudai upande wa kwanza, lakini na wewe unamdai wa pili, na huenda hajui kwa sababu hujamwambia. Usingoje Jumamosi. Nenda Ijumaa jioni wakati wanachagua mchele na kukata mboga. Kazi ya mikono ni rahisi kuliko kukaa kwenye kiti chini ya hema ukisikiliza shuhuda. Ukipata dakika naye jikoni, mwambie, "Nafurahi kwa ajili yenu, na kwangu ni pagumu, uniombee." Ukiona Jumamosi moyo umekubali, hudhuria. Ukiona umekubali kwa nusu saa tu, kaa nusu saa, umbariki, uende nyumbani. Ukigoma kabisa, mpigie simu, na Mungu hatakuhesabia. Zawadi usikope. Peleka mboga.

Na mzee akitoka ofisi ya leba, niandikie walivyomwambia.